Pikipiki Niliyoinyima Pumzi

Ninyi wanafunzi wangu wa darasa la jioni, nanyi majirani wa Makina, mmeniuliza mara nyingi mno kwa nini safari ya siku mbili ilinichukua siku nne, na kwa nini nilirudi nimechubuka kiwiko huku nikicheka peke yangu, jambo ambalo mnasema si kawaida yangu. Nimewajibu vipande vipande, huyu mlangoni, yule bombani, hata masimulizi yenyewe yakaanza kugombana. Sasa nayaandika yote mara moja, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa haki.

Kibera: mtoto wa watu

Wengi wenu mlidhani pikipiki ile nyeusi iliyokuwa ikilala ukumbini kwa Mama Halima, mwenye nyumba wangu, ni mali yangu. Haikuwa mali yangu hata siku moja. Ilikuwa ya Mzee Hezroni, mwinjilisti wa kwetu Maragoli, aliyenifundisha kusoma na, kwa msaada wa fimbo, kupenda kusoma. Tangu siku za mkoloni aliyazungukia makanisa ya vilimani akiwa juu ya pikipiki hiyo. Macho yake yalipoanza kufifia aliniita, akanikabidhi, akasema: "Kaa nayo. Nikiihitaji nitakuita, nawe utairudisha kama ulivyoichukua." Nikaapa. Sipendi viapo, lakini niliapa.

Miaka sita ikapita, kisha ikaja barua. Amepatikana mwinjilisti mpya, kijana mwenye miguu mizuri, ila vilima ni vingi kuliko miguu. Jumapili atawekewa mikono. Pikipiki iwepo.

Hapo ndipo nilipoitoa juani na kuitazama kwa macho ya mwenyewe. Miguu ya mbele ya pikipiki ya aina ile ni mabomba mawili ya chuma kinachong'aa, ambayo huzama na kupanda ndani ya mabomba manene yenye oili kila gurudumu linapokutana na shimo. Mabomba yanayong'aa huvikwa raba yenye mikunjo kama ya kinanda cha kodiani, ili vumbi na mawe yasiyakwaruze. Mafundi huiita buti. Mzee Hezroni alinipa pikipiki yenye mabuti mawili mazima. Sikuyapangusa tope hata mara moja, wala sikuichunguza mikunjo yake. Katika mwaka wa tatu yakapasuka, nikayavua na kuyatupa, nikajiambia kwamba yalikuwa mapambo tu. Sasa mabomba yalikuwa na madoa kama uso uliopona ndui, na oili ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye ekseli.

Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba uzembe ni wizi wa polepole. Nilisimama pale uani nikiwa mwizi wa miaka sita.

Mama Halima alikuwa akipepeta mchele. Aliniangalia, akaiangalia pikipiki.

"Mwalimu, unampeleka wapi huyu?"

"Kwa mwenyewe, Mama."

"Hivi alivyo? Mtoto wa watu harudishwi uchi. Mvike kwanza."

Kawangware: nilivyomshinda fundi kwa maneno

Mjini niliambiwa kwamba mabuti ya pikipiki ya umri ule hayajaonekana dukani kwa muda mrefu. Nikaelekezwa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kwa fundi mmoja aitwaye Okello, mtu wa Nyanza, mwembamba, mwenye kofia iliyolowa grisi hata haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Karakana yake ni mti wa mjakaranda, gunia, na sanduku la spana. Kando yake Mama Njoki huuza chai na githeri ya mahindi na maharagwe, na kwa namna ninavyoelewa mambo yalivyo pale, hakuna pikipiki inayotengenezwa bila yeye kutoa maoni.

"Buti ya hii pikipiki hupati," Okello alisema. "Lakini kuna gari ilianguka huko Dagoretti. Usukani yake iko na buti mbili, ndefu, ya mkunjo mzuri. Nitakata kidogo, itakaa kama imezaliwa hapo."

Siku nzima alifanya kazi ambayo, nakiri, ilinipendeza kuitazama. Aliinua pikipiki juu ya tofali, akatoa gurudumu, akatoa madigadi, akamwaga oili nyeusi iliyonuka kama dhambi ya zamani. Alivuta mabomba manene chini. Alisugua kutu kwa msasa laini uliolowa oili, akizungusha mkono pale pale bila kusugua juu na chini, maana, alisema, mkwaruzo wa kusimama hupitisha oili lakini mkwaruzo wa kuzunguka huizuia. Akaweka sili mpya, zile pete za raba zinazozuia oili. Akayapaka mabomba grisi nyembamba, "kama mafuta kwa mkate, si kama mafuta kwa kichwa." Kisha akavalisha mabuti, akayafunga juu na chini kwa vibano.

Hatimaye akatoa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu yenye mpini wa mti, akaishika juu ya makaa ya Mama Njoki.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Kutoboa. Tundu mbili hapa chini, upande wa nyuma."

"Unataka kuitoboa raba nzima?"

"Lazima ipumue, Mwalimu. Mguu ikishuka, hewa inatoka. Ikipanda, hewa inaingia. Kama mtu."

Nikamwambia, kwa sauti mnayoijua, kwamba sikuvuka mabonde mawili ili ninunue kitu kizima na kukitoboa. Buti liliwekwa ili kuzuia vumbi. Vumbi huingia kwa tundu. Basi mtu anayeweka buti kisha akalitoboa ni kama mtu anayejenga ukuta kisha akampa mwizi ngazi. Nilitoa mifano mingine miwili, nayo ilikuwa mizuri. Watu walikuwa wamekusanyika.

"Na maji ikiingia, itatoka wapi?" Okello aliuliza.

"Ukifunga sawasawa hayataingia."

Mama Njoki akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Okello, wachana na yeye. Mwalimu hataki hiyo kitu ipumue, ndio isitende dhambi!"

"Sawa," alisema Okello, akiufuta msharasi kwa kitambaa. "Pikipiki ni yako."

"Si yangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Lakini nilikuwa nimekwisha kushinda. Alikaza vibano kama nilivyoamuru, akaongeza waya, akazipanga spana zangu katika mkoba wa turubai. Nilipokuwa nikiondoka asubuhi iliyofuata niliwaona yeye na Mama Njoki wakinong'ona, na Mama Njoki akanyoosha kidole upande wa Limuru. Nilidhani wananitakia njia njema.

Kikuyu hadi Naivasha: siku ya majivuno

Sitawachosha kwa habari za petroli na vibali. Niliondoka Jumatano kukiwa na umande, nikapita Dagoretti na Kikuyu, na kwa saa mbili sikuwa na adui duniani. Pikipiki ilinguruma kama mzee anayesali. Kila nilipotazama chini niliona mabuti mawili meusi, mapya, yamenyooka kama wazee wa kanisa siku ya meza ya Bwana.

Kwenye mteremko wa bonde nilisimama karibu na kikanisa kidogo kilicho kando ya njia, nikanunua mahindi ya kuchoma. Msichana aliyeniuzia aliinama akatazama gurudumu la mbele.

"Mzee, pikipiki yako imefura mashavu."

Nilitazama. Kweli, mabuti yalikuwa yamejaa kidogo. Nikamwambia ni joto. Mwenye kiburi hupata sababu upesi kuliko mwenye njaa apatavyo chakula.

Baada ya hapo niliona kwamba usukani unanirudishia kila shimo mikononi. Miguu ya mbele ilikuwa haizami. Ilikuwa ikiruka kama mpira. Nilifika Naivasha nikiwa na viganja vya mtu aliyetwanga mtama mchana kutwa, nikala samaki kwa ugali katika hoteli ya mama mmoja Mluo aliyenikaripia kwa kuacha kichwa. Nilimweleza kuwa kwetu pia tunakula kichwa, ila meno yangu yalikuwa yakiuma kwa mitikisiko. Akakichukua akakila yeye mwenyewe, mbele yangu, polepole, ili nijifunze.

Gilgil: askari na vumbi jeupe

Alhamisi nilikuta njia inachimbwa. Tulielekezwa pembeni, penye vumbi jeupe laini kama unga wa mhogo, na kila shimo lililofichika chini ya vumbi lile lilinipiga hadi mabegani. Mwisho wa njia hiyo ya pembeni palikuwa na kizuizi cha askari. Askari aliyekuwepo alikuwa na kaptura iliyopigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate kwa mikunjo yake. Alizunguka pikipiki mara mbili.

"Umebeba nini?"

"Biblia, blanketi, na mkate."

"Na hapa?" Akagusa buti kwa rungu. Lilikuwa limevimba kama kibuyu.

"Hapo hamna kitu. Ni hewa."

"Hewa." Alilitamka neno lile kama mtu aliyesikia uongo wa kila aina. "Mzee, kitu kikifungwa waya hivi, kimeficha jambo. Ni bangi?"

Mimi! Nilimwambia kazi yangu, nikamwambia kanisa langu, nikaanza kumwambia kuhusu Mzee Hezroni. Hakunisikiliza. Alichuchumaa, akaweka ncha ya rungu katikati ya mkunjo, akabonyeza kwa nguvu.

Buti lilichomoka kwenye kibano cha chini kwa mlio ambao siwezi kuuandika kwa heshima. Oili, hewa na vumbi vilimrukia kuanzia magoti hadi kola. Madereva wawili wa malori waliokuwa nyuma yangu walitoka nje ili wacheke wakiwa wamesimama vizuri.

Askari alijitazama. Kisha akanitazama.

"Kweli ni hewa," alisema. "Nenda, Mwalimu. Nenda kabla sijakumbuka kukasirika."

Mtu mwenye hekima angelitafakari tukio hilo. Mimi nililirudisha buti mahali pake, nikaongeza mizunguko mitatu ya waya, nikamshukuru Mungu kwa kunipa koleo.

Njia ya Molo: nilivyoanguka

Baada ya Nakuru njia hupanda, na baridi nayo. Mvua ilinikuta penye mashamba ya pareto, mvua nene ya nyanda za juu isiyokuwa na haraka. Sasa niliona ajabu nyingine. Kila pikipiki ilipopanda kutoka shimoni, mabuti yalijinyonya ndani kama mashavu ya kibogoyo, nayo mvua ikawa inavutwa kupitia ukingo wa juu. Yaliingia maji, hayakutoka. Vumbi jeupe lililokuwa limeingia Gilgil lililowa likawa ujiuji. Nilisikia miguu ya mbele ikisaga, krr, krr, kama mtu anayetafuna mchanga.

Nawaambia nililofikiria. Sikufikiria shingo yangu. Nilifikiria mabomba yale aliyoyasugua Okello siku nzima, na vidole vya Mzee Hezroni, ambavyo siku hizi ndivyo macho yake. Kila shimo lilikuwa likichora mkwaruzo mpya, na Jumapili ilikuwa siku tatu mbele. Niliapa kurudisha kilicho kizima. Nilikuwa nikikiharibu kwa bidii, nikiwa njiani kukirudisha.

Karibu na njia panda ya Molo mguu mmoja ulizama na kukataa kupanda. Usukani ukageuka wenyewe. Mimi na pikipiki tukalala kwenye tope, bila kuumizana sana.

Aliyekuja kuniinua alikuwa mzee Mkikuyu mwenye koti la jeshi na soksi za mikono. Alijitambulisha kuwa Baba Wambui, akanisaidia kuisukuma pikipiki hadi chini ya kibaraza cha kibanda chake, akaniketisha karibu na jiko na kunipa sahani ya viazi vilivyopondwa na minji na mboga za maboga. Nilikula bila kuomba kwanza. Nilipogundua, niliomba baadaye.

Ukutani palining'inia kodiani, nyekundu, iliyochakaa. Baba Wambui alikuwa akipiga dansi za mwomboko zamani, akiwa kijana, na sasa hutengeneza kodiani za wengine. Ninyi mnajua msimamo wangu kuhusu dansi. Nilijitahidi kutazama upande mwingine, lakini kibanda kilikuwa kidogo.

Yeye alikuwa akiitazama pikipiki. Aliinama, akalibonyeza buti kwa kidole gumba, akasikiliza.

"Nani alishona hii?"

"Fundi mmoja wa Kawangware."

"Hakukuwekea tundu?"

Niliweka sahani chini. "Nilimkataza."

Baba Wambui hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alishusha kodiani, akaniwekea magotini kama mtoto.

"Vuta."

"Mimi sipigi vyombo hivi."

"Sikusema upige. Vuta tu."

Nikavuta. Haikuvutika. Nikatumia nguvu, mikunjo ikatoa kilio cha raba, nikaogopa itapasuka.

"Sasa bonyeza hapa." Aliweka kidole changu juu ya kitufe kidogo kilichokuwa peke yake pembeni. Nikabonyeza, nikavuta, na mikunjo yote ikafunguka bila sauti yoyote, laini, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

"Hicho hakiimbi," alisema. "Kazi yake ni pumzi peke yake. Mjinga akinunua kodiani hukiona hakina muziki, anakiziba. Mwezi mmoja, mikunjo imekufa. Una kitu cha kutoboa?"

Nilisema sina. Hata hivyo nikafungua mkoba wa spana kutafuta msumari. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha grisi, palikuwa na kitu ambacho sikukiweka mimi: msharasi wa Okello.

Niliushika kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemshinda yule mtu mbele ya watu, kwa mifano mitatu, naye hakunijibu. Alinipa tu kifaa nitakachokihitaji nikikomaa.

Baba Wambui aliupasha moto. Nilimwomba nitoboe mwenyewe. Tundu mbili kila buti, chini, upande wa nyuma. Nilipotoboa ya kwanza ulitoka uji mweupe wenye oili, ukajaza kikombe, ukaendelea.

Ijumaa asubuhi tulivua mabuti, tukayasuuza kwa maji ya sabuni, si kwa petroli, maana petroli hula raba. Tukapangusa mabomba. Mikwaruzo ilikuwepo, minne au mitano, myembamba kama unywele. Nililala nayo moyoni, na leo bado inanikera. Tulipomaliza Baba Wambui alipiga wimbo mmoja wa kuniaga. Nilisimama hadi mwisho. Nilisimama kwa sababu ya adabu, na wimbo ulikuwa mrefu, na sikuuona urefu wake.

Kericho, Kano, na kupanda kwetu

Kuanzia hapo sina shida ya kuwasimulia, na msafiri asiye na shida huwa hana masimulizi. Mabuti yalipumua, fyuu yakishuka, fyuu yakipanda. Usukani ukawa mpole. Nililala Kericho, harufu ya chai ikiwa ndani ya blanketi. Jumamosi niliteremka uwanda wa Kano, nikala samaki ngege wa kukaanga Ahero, kichwa na vyote, nikimkumbuka yule mama wa Naivasha. Kila nilipopumzika niliingiza kijiti katika zile tundu kuondoa tope, nikapangusa mikunjo kwa kitambaa. Kazi hiyo haifiki hata robo saa. Miaka sita nilikosa robo saa.

Saa tisa alasiri nilikuwa nikipanda katikati ya majabali ya kwetu.

Maragoli: vidole vya Mzee Hezroni

Alikuwa ameketi nje ya nyumba, fimbo mapajani. Aliinua kichwa kabla sijazima injini.

"Mirembe," alisema. "Umechelewa. Nilikusikia Jumatano ndotoni."

Tulizungumza kwa Kilogooli, nami hapa natafsiri. Hakutaka habari za Nairobi. Alinyoosha mkono, nikamwongoza hadi kwenye pikipiki. Akaanzia kwenye taa. Akashuka usukani. Akapapasa tangi, mahali palipobonyea alipogonga ng'ombe zamani, akatabasamu. Kisha vidole vikafika kwenye mabuti, vikasimama.

"Haya si yangu."

Ningeweza kunyamaza. Raba ilikuwa nzuri, kazi ilikuwa safi, na kipofu hawezi kuona mikwaruzo iliyo chini ya mikunjo. Nilikuwa na jibu la heshima tayari: kwamba ya zamani yalichakaa, nikanunua mapya. Kila neno lake lingekuwa kweli.

"Yako yalikufa mikononi mwangu," nilisema. "Sikuyapangusa. Yalipopasuka nikayatupa, nikaacha mabomba uchi miaka mitatu. Haya ni ya gari lililoanguka. Na fundi alipotaka kuyatoboa nikamkataza, na kwa sababu hiyo mabomba yamekwaruzika kati ya Gilgil na Molo. Sikuirudisha kama nilivyoichukua, Mzee. Nimevunja neno langu."

Vidole vyake vilizunguka nyuma, chini, vikazipata zile tundu. Akaingiza ukucha katika moja.

"Kwa nini ulimkataza?"

"Nilisema tundu huingiza uchafu."

"Na yangu, uliyokaa nayo miaka mitatu. Yalikuwa na tundu ngapi?"

Niliinama nikayatazama mabuti mapya.

"Hukuziona?"

"Sikuziona."

"Mbili kila moja. Chini, nyuma." Alianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Nilikufundisha kusoma kila kitu kilichoandikwa, mwanangu. Kumbe hapo ndipo nilipokomea."

Jioni mkewe aliandaa kuku, na kwetu mnajua firigisi humwendea mwenye heshima ya siku hiyo. Nilikaa nikitazama sahani yangu ya ugali, maana kipande kile ndicho kingenihukumu. Mzee Hezroni alikishika, akakimega sawa katikati.

"Nusu ni yako, kwa pikipiki iliyofika na ulimi uliosema," alisema. "Nusu naila mimi, kwa mabuti yangu."

Sijawahi kula nyama tamu kuliko nusu ile.

Siku iliyofuata, baada ya kijana yule kuwekewa mikono, nilitakiwa kumpa neno la nasaha mbele ya kanisa. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Kibera, yenye sehemu nne. Niliiacha mfukoni. Nilimwambia kila Jumamosi apanguse mikunjo kwa kitambaa chenye maji na sabuni, aifunue kwa vidole atafute nyufa kabla hazijawa matundu, asipake petroli, na azichokoe zile tundu mbili kwa mwiba, zisizibe. Aliuliza kama angeweza kubaki na msharasi. Nikamwambia hapana, huu ni wa azima.

Kurudi: Kawangware, chini ya mjakaranda

Nilirudi kwa treni, daraja la tatu, kati ya kuku wawili na mama aliyenilazimisha kumshikia nanasi hadi Nakuru. Nilishuka Nairobi asubuhi na sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kongo kwa miguu.

Okello alikuwa amelala chini ya kigari. Mama Njoki aliniona kwanza. "Okello! Toka. Mwalimu amerudi bila pikipiki!"

Nilimpa msharasi, umefungwa kwa kitambaa kipya. Nilikuwa nimeunoa kwenye jiwe la kwetu. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa watu waliokuwa kwenye chai, kwa kuwa nilimshinda mbele ya watu na sasa ilibidi nishindwe mbele yao: "Fundi, ulisema kweli, nami nilikuzuia. Naomba radhi."

Okello aliujaribu msharasi kwa kidole gumba. Hakuonekana kushangazwa na radhi yangu. "Ulitoboa ngapi?"

"Mbili kila buti. Chini, nyuma."

"Wapi?"

"Nimekwisha kukwambia. Chini, upande wa nyuma."

"Nauliza ulikuwa umefika wapi kwa barabara."

"Molo."

Akamgeukia Mama Njoki, akavua kofia yake, akaishika mkononi kama mtu aliye kanisani. "Umesikia? Molo! Nilikwambia nini? Leta chai, na githeri juu."

Nikaelewa ule mnong'ono wa asubuhi ile, na kidole kilichoelekea Limuru. Walikuwa wamewekeana dau juu yangu. Mnajua ninavyoichukia kamari ya kila aina, nami nilifungua kinywa nianze.

Mama Njoki alikuwa akimimina vikombe vitatu, amenuna. "Mimi nilisema hutapita Limuru kabla hujatoboa," aliniambia. "Nilikuheshimu sana, Mwalimu."

Nikafunga kinywa. Nikavuta kigoda, nikaketi katikati yao, na chai ile nikainywa yote.